Vipete vya Viatu vya Shemeji

Nilipoolewa Makambako nilipewa mashine. Wenzangu walikaribishwa kwa jembe na chungu. Mimi mume wangu alinipeleka kwenye meza ya duka lake la viatu, akanionyesha chuma cheusi kilichokazwa pembeni kwa skrubu, akasema hiki kitakuwa chako maana mimi kimenishinda. Alikinunua kwa Mhindi mmoja wa Iringa aliyekuwa anafunga biashara. Juu kilikuwa na kikombe cha kumiminia vipete, zile pete ndogo za shaba zinazozuia matundu ya kamba za viatu yasichanike. Ukiuvuta mpini, kipete kimoja kinateremka kwenye mfereji wake, ngozi inatobolewa, kipete kinaingia na ukingo wake unakunjwa upande wa ndani. Ta. Basi, kazi imekwisha.

Mume wangu alikuwa na pupa. Aliuvuta mpini kama mtu anayeng'oa kisiki, vipete vikasongamana mferejini, naye akaanza kuwatukana walioiunda. Mimi niliuvuta taratibu, nao ukanitii. Nasema hivi kwa majivuno wala sioni aibu. Walikuwapo mafundi wanaume pale Makambako waliokuja kunitazama nikifanya kazi, wakisingizia kuazima gundi.

Mwingereza alikuwa bado anatawala, na malori yaliyochukua vijana wa kwenda migodini huko Kusini yalikuwa yanasimama Makambako. Shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, alipanda mojawapo. Asubuhi hiyo alipitia dukani kuchukua viatu alivyoshonewa na kaka yake, vya ngozi nyekundu, vikubwa hata tulivicheka, lakini miguu yake ndivyo ilivyokuwa. Kazi ilikuwa imebaki ya vipete tu. Lori likapiga honi. Akasema basi, nitavivaa nikirudi, akaondoka na makubazi yake. Nilivitia vipete jioni ile ile, na mama mkwe alipokuja kutoka kijijini kwake, karibu na Njombe, akavichukua na kuvitundika katika kibanda alichokuwa analala mwanawe.

Salamu zilitufikia mara moja tu, kwa mdomo wa kijana aliyerudi na kikohozi. Baada ya hapo, kimya.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye ulimi. Kwaya ya kanisa ilimwogopa kuliko mchungaji. Msimu mmoja wa baridi akaja dukani, tukaamkiana kamwene, kamwene, akafungua bunda lake akatoa viatu vile. Akasema vipete vimeng'oka, nivitie vipya.

Nilivigeuza. Visigino vilikuwa vimelika. Udongo mwekundu ulikuwa umekaukia kwenye mishono. Nikamuuliza ni nani anayevivaa, akanitazama kana kwamba nimemuuliza habari za chumbani kwake.

"Wewe tia vipete, mwanangu," akasema.

Sikupenda nilichokiona. Vipete havikuharibika kwa kutu wala kwa kukaa. Vilikuwa vimevutwa hadi ngozi ikachanika, kama vile kamba zilikazwa na mtu kwa nguvu zake zote. Sasa, mwanamume mwenye mguu wa kukijaza kiatu kile hana haja ya kukaza hivyo. Mikunjo ya ngozi ilionyesha kwamba pande mbili za kiatu zilikuwa zinakutanishwa kabisa, kana kwamba ndani yake hamna mguu. Nikaweka kiatu kwenye mashine, nikauvuta mpini, na kipete hakikushuka. Kikombe kilikuwa kimejaa. Nikajaribu tena, hakikushuka. Nikachukua kiatu cha mteja mwingine, kikashuka bila taabu. Ngozi iliyochanika inaweza kukataa kushika kipete, hilo nalijua, lakini kipete kinashuka kabla hakijaigusa ngozi. Mwishowe nilivisukuma kwa ncha ya msumari, kimoja kimoja.

Alivileta tena msimu wa baridi uliofuata, na uliofuata huo. Mume wangu alisema mama anamwazima mchunga ng'ombe fulani. Nikamuuliza ni mchunga ng'ombe gani wa kijiji kile mwenye miguu kama ile, akasema niache maneno. Yeye kwake shemeji alikuwa hai, amenogewa na mji tu, na siku moja angeshuka kwenye lori na sanduku kichwani. Hakutaka kusikia jingine.

Halafu mama mkwe akashikwa na kifua, nikatumwa kwenda kumsaidia kuvuna ulezi.

Asubuhi ya kwanza nilitoka kwenda kisimani mapema. Sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imelala kwenye nyasi, na ukungu ulikuwa umeziba hata miti ya miwati iliyo nyuma ya nyumba. Kwenye udongo laini wa njia niliona nyayo za viatu vikubwa. Zilitoka barabarani zikaja moja kwa moja hadi mlango wa kibanda cha shemeji, zikaishia hapo. Nikatafuta zilizoondoka. Hazikuwapo. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikausukuma, na mle ndani hamkuwa na mtu; viatu vilikuwa vimetundikwa kwenye msumari wake, vimelowa, vimefungwa kamba.

Mimi nilikulia nyumba ya Kilutheri. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na habari za mizimu kwetu zilinong'onwa kwanza halafu zikakemewa kwa sauti. Sikuwa mtu wa kuziamini. Lakini siku ile nilichota maji nusu ndoo nikarudi nikikimbia, na mama mkwe, aliyekuwa anakoka moto, akaniuliza kama maji ya kisima yamekwisha.

Kulipopambazuka siku ya pili nikajibanza nyuma ya ghala la mahindi. Niliogopa, lakini kutojua kuliniogopesha zaidi. Ukungu ulikuwa mzito. Nikasikia hatua kabla sijaona kitu, hatua nzito za mwanamume asiye na haraka. Kisha likatokea umbo fupi, limefunikwa blanketi hadi kichwani, linatembea kwa hatua ndefu zisizolingana na mwili ule. Lilipita karibu yangu. Likafika mlango wa kibanda, likasimama, likasema hodi kwa sauti nene ya kijana. Halafu, kutoka ndani ya blanketi lile lile, sauti nyembamba niliyoijua ikajibu, "Karibu, baba. Karibu nyumbani."

Nilitoka nikasema, "Mama." Blanketi likaanguka.

Hakukasirika, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana. Aliketi kizingitini, akaanza kufungua kamba alizokuwa amezikaza hadi pande za viatu zikagusana, akatoa vitambaa alivyovisokomeza vidoleni. Miguu yake ndani ya viatu vile ilikuwa kama ya mtoto. Akanieleza pole pole, akikohoa. Kila alfajiri alivichukua mkononi akapita pekupeku kwenye majani, mahali ambapo mguu hauachi alama, hadi barabarani. Huko akavivaa, akarudi kwa njia. Alifanya hivyo ili pawepo nyayo za mwanawe, na ziwe za kuja tu, hata moja isiwe ya kwenda.

"Njia ni kama mbwa," akaniambia. "Isipoiona miguu ya mtu siku nyingi, inamsahau. Siku akirudi itamgeuka. Usimwambie mume wako."

Sikumwambia. Aujuaye uchungu wa mwana ni mzazi, na mimi wakati huo nilikuwa sijazaa. Nilirudi Makambako na viatu, nikakata vipande vya ngozi ngumu nikavishonea kwa ndani, nikavitia vipete vya ukubwa wa juu. Safari hii mashine haikunisumbua. Nilivituma kwa lori, na tangu siku hiyo kila nilipoamka alfajiri nilimwona kichwani mwangu, anavuka majani yenye sakitu na viatu mkononi.

Mvua zilipoanza akaja mwenyewe, mchana, akaketi kwenye benchi la wateja. Akaviweka viatu mezani mbele yangu.

"Vitoe vipete," akasema. "Vyote."

Mume wangu aliacha kugonga soli. Mama akasema akimtazama yeye, si mimi. Alisema jana alitoka kama kawaida yake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia imeoshwa, hamna hata alama ya kuku. Alipofika barabarani akainama avae, ndipo akaona njiani nyayo zimemtangulia. Zilikuwa za miguu mitupu, mikubwa, zinakuja nyumbani. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. Shemeji alikatwa na jembe kidole hicho alipokuwa mdogo, naye mama ndiye aliyekuwa ameshika jembe.

"Amefika pekupeku, baba," akamwambia mume wangu. "Na viatu vyake nimevishika mimi."

Kwao, watu wa mume wangu, maiti hafungwi kitu. Mkanda unafunguliwa, shanga zinakatwa, hata kifungo cha shati kinaachwa wazi, asije akazuiwa njiani. Sisi wote watatu tulijua maana ya viatu visivyo na vipete. Mume wangu akasema hapana. Akasema nyayo ni za mpita njia, mama ni mgonjwa, homa imempanda kichwani. Akasema kuving'oa vipete vile ni kumwua ndugu yake kwa mkono wake, akatoka nje akaenda zake kuelekea stendi ya malori.

Nikabaki na mama. Mashine yangu ilijua kufunga tu, kufungua haikufundishwa, kwa hiyo nikachukua koleo. Vipete nilivyovitia kwa uhodari wangu wote vilitoka kwa shida, vikilia. Mama alivikinga kiganjani. Sikuthubutu kumtazama usoni.

Kesho yake mume wangu akasema tutakwenda sote kijijini, akamwonyeshe mama kwamba hapana kitu. Tulipofika, mvua ilikuwa imefuta njia nzima. Akageuka ili aseme, nilimwona anafungua mdomo. Kisha akaufumba. Chini ya upenu wa kibanda, mahali ambapo matone hayafiki, karibu na kizingiti, palikuwa na unyayo mmoja wa mguu wa kushoto, usio na kidole cha mwisho.

Alichuchumaa. Akatoa mfukoni uzi wake wa kupimia wateja, akaulaza kutoka kisigino hadi kidole gumba, halafu akapima upana. Alirudia. Akaukunja uzi akaurudisha mfukoni, na hakutuambia kitu chochote kuhusu kipimo kile, wala sikupata kumwuliza maisha yangu yote. Aliomba jembe.

Alichimba kando ya kaburi la baba yake. Nikauliza kama aitwe mwinjilisti, mama akasema kanisa halijakataza mtu kufukia viatu vyake. Akashuka magoti, akaviweka shimoni kimoja kando ya kingine, ndimi zikiwa wazi, matundu matupu. Nikachukua udongo kwa mikono miwili.

"Ngoja," mume wangu akasema.

Akaingia shimoni na nguo zake za kanisani. Akakiinua cha kulia kilichokuwa kimelazwa kushoto, akakiinua na cha kushoto, akavibadilisha nafasi, akavipangusa udongo kwa kiganja.

"Umevipishanisha, mama," akasema, machozi yakimtoka. "Asingefika mbali."