Nilijua asali ya mwenyekiti imechacha, nikasema tamu

Wakuu, poleni na mahangaiko.

Haya yamenikuta mwenyewe huku Kibondo, sijatia chumvi. Anayetaka kucheka acheke tu.

Mimi nafuga nyuki. Kikundi chetu kina memba kumi na wawili. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu yetu. Tuna wajukuu, lakini akikohoa tunakaa vizuri.

Msimu huu tukampata mnunuzi, Mzee Salumu, mwenye duka Kasulu mjini. Anataka pipa zima. Kwa hiyo kila memba alete ndoo zake, tuonje, halafu tumimine pamoja.

Nilileta ndoo nne, asali yangu yote ya mwaka. Hizo ndizo zilikuwa bati za nyumba yangu, maana mvua zilizopita tulilala tumeinua godoro.

Tukaanza na ndoo ya mwenyekiti, kwa heshima.

Kifuniko kikatoa hewa, pss. Juu povu.

Mfugaji akiona povu hahitaji hata kuonja. Mwalimu alikuwa na haraka, akavuna masega ambayo nyuki hawajayafunga. Asali ikawa na maji, ikachacha.

Kijiti cha kuonjea kikaanza kuzunguka. Katibu, ambaye ni shemeji yake, akasema, "Tamu." Wa pili, "Tamu sana." Wa tatu akafumba macho kabisa, utadhani yuko kanisani.

Kikafika kwangu. Uchachu ukanipanda mpaka puani.

Nikaitikia kwa Kiha chetu, "Ego, Mwalimu. Hii sasa ndiyo asali."

Hakuna aliyenituma niongeze hilo la pili.

Baada yangu alikuwa Mama Esperansi. Wazazi wake walikuja wakikimbia vita Burundi, yeye ni raia kama mimi. Akaonja, akasema taratibu, "Mwalimu, munisamehe. Hii imechacha, tusiichanganye na nyingine."

Katibu akamuuliza kama huko kwao asali wanaijua. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, wakuu, na hicho kicheko kinaniuma kuliko ndoo zangu.

"Basi zangu nabaki nazo," akasema. Akabeba, akaondoka.

Sisi tukamimina. Ndoo nne safi nimezimwaga mwenyewe kwenye povu, hakuna aliyenishika mkono.

Wiki mbili baadaye Mzee Salumu akaja. Akafungua pipa, akanusa, akafunga.

"Ndugu zangu, hii ni pombe. Mimi Muislamu."

Akauliza kama kijijini kuna asali nyingine. Akaelekezwa kwa Mama Esperansi, akabeba ndoo zake zote. Bati zangu ndiyo basi tena mpaka msimu ujao.

Mwenyekiti akaitisha kikao. Hoja: mnunuzi hajui asali. Wanaoafiki wanyooshe mikono.

Ikapanda yote. Wangu ulikuwemo.

Nilichojifunza ni hiki: wenzako wakishasema, na mkubwa anakutazama usoni, ulimi unamkana mwenyewe. Natamani niseme kwamba ningekaa baada ya yule mama ningemuunga mkono. Sidhani.

Najua natakiwa kwenda kumuomba radhi. Sijaenda. Nasubiri mwenzangu mmoja kwenye kikundi atangulie.

Haya, nichambueni. Ila nawaomba kitu kimoja, msisome kwanza komenti ya aliyewatangulia.