Mchumba Aliyemaliza Gunia la Mkaa

Nimeponea ndoa kwa sababu ya mguu wa mbuzi.

Mnacheka? Ngojeni.

Mama yangu anauza mkaa hapo nje ya nyumba yetu, na huyu bwana alikuwa mteja wake. Kila wikendi gunia zima. Mama akampenda, akanijaza masikio kwa sifa zake: mstaarabu, mkarimu, hana longolongo. Bwana alipoleta posa, mama akamwita aje tule pamoja, tukishakula ampe jibu.

Jibu la mama, jamani. Langu nilishalitoa, sitaki, nikaambiwa nina maringo.

Akaja. Shati jeupe, viatu vinang'aa, mguu wa mbuzi mkononi, na domo hilo!

"Leo nyie kaeni tu. Mguu huu nauchoma taratibu mpaka nyama iachie mfupa. Kwenye mambo ya kuchoma wananiita Injinia."

Nani anakuita? Mama yako?

Tuna jiko la pipa, lenye mfuniko. Injinia akamimina humo nusu gunia. Nusu gunia, kwa mguu mmoja!

Nikajikaza. "Kaka, kuchoma taratibu hakutaki hivyo. Mkaa kidogo upande mmoja, nyama upande wa pili, unafunika. Ukififia unaongeza vipande vichache vilivyokwisha kuwaka."

Akanitazama kama kuku aliyeingia sebuleni. "Bibie, moto mdogo ni wa kuchemshia chai."

Haya, bwana mkubwa.

Moto ulipokolea, hata kulisogelea jiko hakuweza. Akawa anageuza nyama kwa mbali, kajikunja, uso kaukinga kwa sinia. Mafuta yakadondoka, moto ukalipuka, unyusi mmoja ukaenda. Injinia huyo.

Na bado akasema moto umepungua, akamimina nusu iliyobaki!

Mguu ulifika mezani mweusi tii. Akaukata. Ndani damu tupu. Mbuzi yule angepata daktari mzuri angeinuka.

"Nje imeiva," akasema, macho makavu.

Mimi nilikuwa namtazama mama, maana maisha yangu yalikuwa mdomoni mwake. Na mama alikuwa anatafuna! Anatafuna huku anatabasamu. Nikajua nimekwisha.

Kisha akajifuta mikono. "Mwanangu, posa yako tumeisikia. Haitawezekana."

Injinia akainuka, akaaga.

Alipoondoka nikamkumbatia mama, machozi yananitoka. "Asante, mama. Umeona mwenyewe hanifai."

"Hakufai kwa lipi?" Akanibandua. "Mwanaume mzuri tu yule. Ila mkwe hauziwi mkaa, anachukua bure. Umeona anavyoutumia? Huyo abaki mteja."

Basi dada zangu, mchumba akija kwenu mpeni jiko na mkaa mumtazame, na ombeni mama yenu awe na biashara.

Wikendi iliyofuata Injinia alirudi, akanunua magunia mawili. Alimwambia mama kwamba siku ile moto ulikuwa mdogo.