Nilivyompeleka Mzee Kwao Ayalandi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa nzima kabla ya zamu, viatu vipya vyeupe vikinifinya vidole. Ilikuwa ghorofa moja huko Columbia Heights, Marekani, kwa bibi aliyepooza upande mmoja. Nilikuwa nimetoka Murang'a mwaka uleule. Msimamizi wa Wahudumu, mama wa makamo mzaliwa wa Tanga, alinikabidhi mkanda wa kuinulia. Huo ni mkanda mpana anaofungwa mgonjwa kiunoni, ili ukimsimamisha umshike hapo na si mkononi, usije ukamtegua bega.

"Na la pili, mwanangu," akasema. "Kwa mteja huli, hunywi. Hata maji."

"Hata chai, mama?"

"Chai ndiyo hasa! Leo kikombe, kesho utaambiwa umeiba sukari. Njoo na chupa yako."

Kwetu mgeni akikataa chai mwenye nyumba hubaki na kinyongo, lakini kazi ni kazi. Niliishika sheria ile kama sala.

Baadaye nilihamishiwa Fairfax, chini ya Nesi Mkuu ambaye hakuwahi kucheka mbele yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Alikuwa mkali pia kuhusu kitabu cha zamu, tunamoandika mtu amekula nini na ngozi yake ikoje. Mimi nilipenda kueleza mpaka hali ya hewa. "Sitaki insha, Njeri," aliniambia. "Nataka kujua choo kilikuwaje." Ninyi wahudumu vijana mnaoandika kwa simu siku hizi hamjui raha mliyo nayo.

Mteja wangu wa mwisho aliishi Bladensburg. Alikuwa fundi matofali mstaafu, mjane, mzaliwa wa kijiji kimoja cha Ayalandi. Akili yake ilikuwa kali kama wembe, ila miguu ilikuwa imemgomea. Alitaka jambo moja tu: kumalizia siku zake katika nyumba aliyozaliwa, ambamo dada yake mkubwa alikuwa bado anaishi. Tatizo ni kwamba dada huyo alikuwa hajasema naye tangu mama yao alipozikwa na mzee asitokee. Wakati ule mzee hakuwa na karatasi za kuishi ugenini. Angetoka Marekani asingeweza kurudi kwa mkewe na mtoto. Nani kati yetu tulio ugenini hajamzika mzazi kwa simu? Nilimwelewa mno.

Mwanawe akaamua nimpeleke mzee huko kwa wiki moja. Dada yake akimkubali, abaki. Akimkataa, akirudi anaingia kituo cha wazee.

Wenzangu kanisani walinitania mpaka basi. "Haki Njeri, umeget kazi ya kutembezwa!" alisema mmoja. "Sisi hata Baltimore hatujafika." Niliwaacha waseme. Nilipakia sanduku na kulipakua mara tatu kwa furaha.

Na kijiji chenyewe! Barabara moja, kanisa moja, baa mbili, na kuta za mawe zikipanda vilima vya kijani kibichi. Kondoo walitufungia njia nikajikuta napiga kelele ndani ya teksi, nikikumbuka nyanda za baridi za kwetu: "Kama Kinangop!" Mzee alicheka huku machozi yakimtoka. Dereva alimwinulia kidole cha salamu kila mtu tuliyepishana naye. Tuliposimama dukani, mama mmoja alichungulia dirishani akamuuliza mzee yeye ni wa nyumba ya nani. Wazungu wanaoulizana ukoo! Nilitamani kushuka nikasalimie kila mlango.

Dada yake alitufungulia akiwa amevaa aproni, mwanamke mrefu aliyenyooka licha ya umri. Mimi alinipa mkono. Ndugu yake hakumpa mkono, alimwinamishia kichwa tu. Akaleta chai na mkate alioupika mwenyewe, akanikaribisha. Nikasema hapana, asante. Akanikaribisha tena. Nikasema nashukuru, nimeshiba. Mara ya tatu nikatoa chupa yangu ya maji mkobani, nikamwonyesha. Nilijiona mfanyakazi hodari kweli!

Uso wake ukajifunga. "Kama nyumba yangu haiwafai, sitawazuia," akasema, na kufungua mlango.

Tukatoka mpaka uani, mzee akanigeukia. "Njeri, huku mtu hukataa mara mbili kwa adabu. Ya tatu umemtukana."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtoto wa Murang'a mimi, niliyelelewa kwa chai, nimemharibia mzee wa watu kwa ajili ya chupa ya maji! Niligeuza kiti cha magurudumu palepale, nikabisha hodi.

"Mama, nisamehe," nikamwambia. "Nimezeeka mpaka nimesahau adabu za kwetu. Naomba chai."

Alisogea tupite. "Na maziwa?"

"Mengi. Ndivyo tunavyokunywa."

Nilikunywa vikombe vitatu, na ilikuwa chai nzito, chai ya kweli. Akakata mkate, kisha akaniuliza mimi, bila kumtazama ndugu yake: "Huyu bado anapenda ile ncha ya mkate?"

Katika kazi yetu mteja mwenye akili timamu hasemewi. "Yupo hapa, mama," nikasema. "Muulize mwenyewe."

Nilijua nimeharibu tena. Kisha dada akamgeukia ndugu yake polepole.

"Unaitaka?"

"Kama hujazoea kuila wewe," mzee akajibu.

"Mama ndiye aliyekuwa akikuwekea," dada akasema. "Alikuwekea mpaka wiki aliyokufa. Nami nilikuwa nikiitupa kwa hasira."

Akamwekea ile ncha kiganjani na hakuuondoa mkono wake. Nililia mimi kabla yao.

Wiki ile nilimfundisha dada kila nilichokijua, na Nesi wa Kijiji alikuja akakagua, akasema, "Tutamweza." Mwana wa mzee alipopigiwa simu akasema sawa.

Nimestaafu sasa, na vijana huniuliza ni lini niliamua kuacha kazi. Ilikuwa asubuhi ile ya kuondoka. Wateja wangu wote wa kabla yake waliniacha kwa njia moja: niliwafumba macho, nikamwita nesi, nikafungua dirisha ili roho ipite. Huyu alikuwa mlangoni kwao, dada kamshika bega, akinipungia mkono na kunipigia kelele nisije nikapotea njia. Nikamwambia dereva aende taratibu. Nilitaka kumwona mpaka mwisho, maana kabla yake sikuwa nimewahi kuagwa na mteja.