Vipimo vya Bwana Hamsini

Dada yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi amekata nguo kwa msaada wa programu ya kompyuta ambayo hakuinunua. Ni programu huria: yeyote huitumia bure, na anayejiweza huruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Unaiandikia vipimo vya mteja, nayo inachora vipande vya nguo. Unavichapisha kwenye karatasi, unaziunganisha kwa gundi, unaziweka juu ya kitambaa na kukata. Shida yake ilikuwa moja tu: iliandikwa kwa lugha ya kompyuta iliyozeeka, ambayo mashine mpya haziielewi. Kompyuta ya Dada iliielewa, lakini ilikuwa imeanza kuguna kila ikiwashwa.

Mtunzaji wa programu hiyo, mzee tusiyewahi kuonana anayejiita Sindano, alitangaza mtandaoni kwamba anatafuta mtu wa kuihamishia kwenye lugha mpya. Mimi nilikuwa na shahada ya kompyuta, nguvu tele, na kazi sina. Nilimwandikia barua ndefu kuhusu wajibu wa msomi kwa jamii. Alinijibu kwa neno moja: "Karibu."

Nilifanya kazi hiyo kwenye kona ya karakana ya Dada, kati ya meza ya pasi na sanamu ya kuvalishia nguo isiyo na kichwa. Mteja akiuliza huyu kijana anafanya nini, Dada alijibu, "Muulize Profesa mwenyewe." Profesa ni mimi. Nilikuwa nikieleza kwa marefu na mapana, hadi mteja akumbuke kwamba ana haraka.

Kazi ikaisha, ikabaki kuijaribu: vipimo vilevile vikiingizwa, programu mpya ilipaswa kuchora sawasawa na ile ya zamani. Nilihitaji mteja wa majaribio, nikambuni. Kifua hamsini, kiuno hamsini, nyonga hamsini, mkono hamsini, urefu hamsini. Nilimwita Bwana Hamsini. Mwanzoni programu mpya ililalamika kwamba kipimo cha mwisho haikioni. Nikakiandika mara mbili, ikanyamaza. Michoro ikafanana kama mapacha, nami nikajipongeza kwa sauti mbele ya ile sanamu.

Wakati huohuo Dada alipata bahati. Sista Mkuu wa hospitali alimletea kitambaa cheupe cha gauni moja la mfano, akapimwa. Likimkaa vizuri, Dada angeshona sare za wauguzi wote. Lisipomkaa, kazi ingekwenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Kitambaa kilikuwa hicho tu, na Sista angekuja kulijaribu kesho yake. Asubuhi hiyo kompyuta ya zamani iliguna mara ya mwisho, ikazima moja kwa moja.

"Profesa," Dada akaita, "hiyo yako iko tayari?"

"Iko tayari kuliko mimi, dada."

"Basi bado sana. Chapisha karatasi tu. Napeleka mapazia ya mteja, nikirudi nitakata."

Niliingiza vipimo vya Sista, cha mwisho mara mbili kama nilivyozoea, nikachapisha, nikaunganisha. Kisha nikafikiri: kwa nini dada yangu arudi amechoka na kukuta kazi inamsubiri? Nikachukua mkasi. Niliona karatasi ya mkono ikivuka ukingo wa meza na kuning'inia karibu na sakafu. Nikajiambia labda ndiyo mitindo ya hospitali siku hizi, nikakata.

Dada aliporudi alisimama mlangoni, akautazama mkono mmoja wa gauni, kisha akaniangalia mimi.

"Mdogo wangu, Sista Mkuu ni pweza?"

"Kompyuta ndiyo imechora, dada."

"Na nyonga hizi? Hapa hapiti hata mtoto wa shule. Hiyo programu ulimjaribishia nani?"

Nikamtajia Bwana Hamsini na vipimo vyake vyote.

"Huyo si mtu," akasema. "Huyo ni gogo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Lugha ya zamani huhesabu kama mimi na wewe: kitu cha kwanza ni namba moja. Lugha mpya huanza na sifuri, kwa hiyo ukiiomba kipimo namba moja inakupa cha pili. Kifua kilipewa kipimo cha kiuno, kiuno cha nyonga, nyonga cha mkono, na mkono ukapewa urefu wa gauni zima. Bwana Hamsini, aliyelingana kila mahali, angelalamikia nini? Jambo hili hufundishwa wiki ya kwanza chuoni. Nilikuwepo. Nilikaa mstari wa mbele.

"Usilie juu ya kitambaa," Dada akasema, "kitaingia madoa. Washa pasi."

Alikata mikono ikabaki ya binadamu. Mabaki yake akayafanya vipande vya ubavuni, vikapanua kifua na nyonga. Kiuno kilichopwaya akakibana. Vipande vilipoungana pakabaki mshono mbaya kila upande, akaufunika kwa mfuko. Mimi nilipiga pasi nilipoambiwa, na kunyamaza hata nisipoambiwa.

Kesho yake Sista Mkuu alilivaa. Akainama, akanyoosha mikono juu, akachuchumaa. Akatia mikono mifukoni.

"Hili naweza kuinamia kitanda bila kubanwa," akasema. "Nani kabuni hivi vipande vya pembeni?"

"Profesa wetu," Dada akajibu bila kupepesa. "Alianza yeye, mimi nikamalizia."

"Wote washonee hivihivi. Na mifuko usisahau."

Basi ikanibidi niifundishe programu kuchora kwa makusudi kile ilichosababisha kwa bahati mbaya, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko kuihamisha. Kisha nikamwandikia Sindano ukweli wote, maana mficha uchi hazai. Akajibu: "Nimepokea. Mwondoe gogo. Weka vipimo vya mtu."

Nilimwomba Dada vyake.

"Programu hiyo si inafunguliwa na dunia nzima?" akauliza, huku akichukua tepu. "Simama wima, Profesa."

Alinipima mbele ya wateja. Kiuno alikisoma mara mbili, kwa sauti, eti asikosee. Sasa yeyote duniani anayeijaribu programu hiyo huanza kwa kuchora gauni la muuguzi linalonitosha mimi.