LaVonne, Kofia Nyeupe na Ghala la Dwayne

Alasiri, upepo unavuma kwa nguvu, nyasi kavu zinawaka, na LaVonne Kucera amesimama mbele ya gari la maji. Kichwani amevaa kofia nyeupe ya mkuu wa zimamoto. Asubuhi alikuwa anapika maharage shuleni.

"Tuanzie wapi, dada?" Chad, dereva wa gari la maji, anapiga kelele. "Sema basi, moto huo unakuja!"

Mbele yao kuna nyumba ya Agnes Sedlak, mjane, na ghala la nyasi la Dwayne Hruska. Maji yaliyopo yanatosha kuokoa kimoja tu.

Dwayne mwenyewe yupo, ameshika mpira wa maji. Aliongoza zimamoto ya kijiji hiki cha Nebraska miaka mingi, na sisi wenzake wa kikosi tukabweteka. Kila kitu Dwayne. Mwaka juzi nyumba ya watu iliteketea yeye akiwa mnadani anauza ng'ombe. Wanaume wazima, na ndevu zao, walisimama na mipira iliyojaa maji wakimsubiri aje atoe amri. Aibu iliyoje!

Tangu hapo kofia inazunguka. Kila mwezi anaivaa mwingine, bila malipo, na aliyewahi kuivaa ni marufuku kutoa amri, wala ushauri asipoulizwa.

LaVonne anamtazama Dwayne. Mzee anatazama chini.

"Kwa Agnes," anasema LaVonne. Anarudia kwa kelele: "Nendeni kwa Agnes! Ghala liacheni!"

Dwayne anaukokota mpira, analipita ghala lake. Nyuma yake paa linaporomoka. Hageuki.

Nyumba ya Agnes imepona. Namkuta LaVonne ameketi kwenye ngazi ya gari, analia.

"Niliogopa sana," ananiambia. "Na bado naogopa. Kanisani nitamtazamaje yule mzee?"

Dwayne anatusikia. Uso wake umejaa masizi.

"Nyamaza, mama. Umenichomea nyasi, hujaniua." Anakohoa, kisha anasema polepole: "Ningekuwa na kofia mimi, ningeanza na ghala langu. Mungu anisamehe."

LaVonne anafuta machozi. Mwezi ujao kofia ni ya Chad, na LaVonne atarudi kwenye mpira.

"Nyumba yangu imezungukwa na nyasi pande zote," anasema. "Ndimo wanamolala watoto wangu wawili. Namwomba Mungu, siku Chad akisema iacheni, niweze kunyamaza."