Mama wa Michenga Ameagizwa Dar es Salaam

Nakumbuka alasiri moja ya msimu wa kuamia ndege, nikiwa msichana wa kwetu Michenga, nimesimama juu ya dungu katikati ya shamba la mpunga. Dungu unalijua, mwanangu, au na hilo mpaka uonyeshwe kwenye simu? Ni kile kichanja kirefu cha miti ambacho mtu hushinda juu yake akifukuza ndege wasiumalize mpunga. Kukaa kule peke yako kunachosha, ndiyo maana tulianza kuigiza. Mimi nilikuwa mke, na kwenye dungu la shamba la jirani alikuwapo mume. Tuligombana kwa kupaza sauti juu ya mpunga mpaka watu waliokuwa wakipita njiani wakateremka kwenye baiskeli kusikiliza. Mume huyo alikuwa Tadei, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Ndiyo, babu yako huyohuyo.

Kikundi chetu cha maigizo kilizaliwa kule shambani. Tulicheza kwenye uwanja wa kanisa, na watu walikuja na mikeka yao. Mpiga ngoma wetu alikuwa Mzee Melkiori, mvuvi wa kambale, mtu wa maneno machache.

Kisha Tadei akaenda Dar es Salaam kumsalimia mjomba wake. Alikaa siku chache tu, akarudi na ulimi mwingine. Akatunga mchezo wa tajiri wa mjini, mwenye makochi na simu ya mezani, vitu ambavyo nusu yetu hatukuwahi kuviona. Nafasi ya mke wa tajiri akampa mpwa wa mwalimu, aliyekuja likizo kutoka mjini. Mimi nikapewa pazia.

"Lukresia, Kiswahili chako kina Kindamba kingi," aliniambia mbele ya wenzetu. "Watatucheka."

Nilishika pazia, mwanangu, huku moyo unaniuma. Yule binti alizungumza kwa sauti ndogo mno, hata waliokaa mkeka wa mbele hawakumsikia. Watu wakaanza kukung'uta mikeka yao na kuondoka. Nami nikaliweka pazia chini, nikaenda nyumbani kulia.

Waliobaki waliniambia kwamba Mzee Melkiori alimwita Tadei palepale uwanjani. "Lukresia ndiye aliyekufundisha kuigiza," akamwambia. "Leo umempa kitambaa akushikie. Nenda kwao sasa hivi, na uende mwenyewe."

Babu yako alimtuma dada yake na kilo ya sukari. Kwetu sisi radhi haitumwi. Aliyekosa huja kwa miguu yake, akaketi uani, akanyamaza mpaka aulizwe kilichomleta. Sukari niliirudisha, nikamngoja mwenyewe. Hakuja. Kikundi kikafa msimu uleule, nami nikaolewa Chita, nikarudi huku nikiwa mjane. Siku hizi tunaamkiana vizuri tu kanisani na kuulizana habari za magoti. Lakini sikupata tena mtu wa kugombana naye vile, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa nije kwako, maana ndiwe unayenichosha.

Jumamosi wewe na kikundi chako mnaigiza hapa Ifakara mjini mchezo wa mama mkulima wa Michenga. Niliposikia nilifurahi, nikajikongoja hadi kwenye mazoezi. Nikakuta nini? Mama wa Michenga ameagizwa Dar es Salaam! Binti wa watu ana adabu, alipiga goti kuniamkia, simlaumu kwa lolote. Lakini anapepeta mchele kama anayefukuza moshi jikoni, punje zote chini. Nikakuuliza Anjela yuko wapi. Anjela uliyekua naye, anayewaigiza wauza samaki wa sokoni na Wasukuma wanaoswaga ng'ombe mpaka wenyewe wanashika mbavu!

"Anashika pazia, bibi," ukanijibu. "Huyu mgeni ana wafuasi wengi mtandaoni. Anjela ni wa hapahapa tu, watu wamemzoea."

Hapahapa tu! Mpunga unaanikwa kando ya barabara, kijiji kizima kinanukia. Mvua ikikatika, milima ya Udzungwa inatokeza yote, bluu, utadhani imefuliwa. Wanawake wanarudi sokoni wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine, na vicheko vyao vinawatangulia. Mgeni akipita husimama kutazama. Ninyi mkitaka picha mnakwenda studio, mnasimama mbele ya ukuta uliochorwa ghorofa. Jamani! Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini hapo kwao pakionewa aibu, nani atamtunza?

Jana Anjela hakuja mazoezini, nawe ukamwomba radhi kwa ujumbe wa simu, ukaweka na vikatuni vinavyolia. Nilipouona huo ujumbe nilitamani kukuchapa kwa fimbo yangu ya kutembelea. Damu ya babu yako hiyo.

Basi nisikilize, mwanangu, nami sirudii. Usiache mbachao kwa msala upitao. Rafiki msifu akiwa hai na masikio yake yanasikia, usimwekee sifa za msibani. Chukua baiskeli leo uende Michenga, kwa kina Anjela. Usimpigie simu ukiwa njiani, na usibebe chochote mkononi. Ukifika, keti uani, hata mama yake akikununia. Ukiulizwa, sema ulikosa, kisha umrudishie Anjela nafasi yake. Yule binti wa watu hatakosa kazi kwenye mchezo, na kupepeta atafundishwa na Anjela. Akikataa leo, kesho urudi. Mtu aliyeaibishwa mbele ya watu haamini mara moja.

Mwenyezi Mungu akupe rafiki wa kugombana naye mpaka meno yawaishe nyote wawili. Akupe na miguu ya kumfuata akikasirika, wala isichoke njiani. Na ukitoka Michenga, pitia kwa babu yako. Mwambie Lukresia hajambo, anashinda nyumbani, na mlango wa uani haufungwi.