Kaka Alitoa Ushuhuda Kwamba Baba Amepona

Admin, jina langu lifiche. Ndugu zangu wakisoma watanijua tu, na wanijue.

Nina miaka 36, ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania. Naishi Buffalo, Marekani, nina duka la vyakula mtaa wa Grant Street nililolianzisha kwa jasho langu. Baba yangu yuko kwangu. Ana saratani ya tumbo, imeshasambaa. Madaktari walisema wazi: kumponya hawawezi, maumivu wanayaweza. Nesi huja nyumbani, na ametuachia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu. Hesabu yangu ni rahisi: baba akinywa analala, anaomba chai, ananitania kuwa nambania sukari wakati nina duka zima. Asipokunywa, halali. Hakuna la tatu.

Mwezi uliopita kaka alitoka Columbus na kwaya yake kuja kumwombea. Baba alikuwa ametoka kunywa dawa. Akakaa, akaimba nao, akacheka. Jumapili kaka akasimama kanisani kwao akatoa ushuhuda: baba yetu amepona! Video ikafika Louisville kwa dada yetu, akanipigia huku anapiga vigelegele. Nikamwambia, "Dada, ile ilikuwa mofini." Akakata simu.

Tangu baba aione video hiyo, hagusi dawa. Anauma blanketi, jasho linamtiririka, nikishika chupa anafumba mdomo. "Nikinywa, mwanangu atakuwa amewadanganya watu wa Mungu." Nesi akamsihi kupitia mkalimani. Akajibu, "Mwambie nashukuru, mimi mzima."

Mzima! Huku amejikunja hawezi hata kunyoosha mguu!

Nikampigia kaka: mwambie anywe, wewe atakusikia. Akanijibu, "Wewe muuza unga, udaktari umeuanza lini? Imani yako ndogo."

"Na wewe jino likikuuma unameza nini? Imani?"



Jumamosi hii wanakuja wote, wa Columbus na wa Louisville, kufanya ibada ya shukrani sebuleni kwangu. Mimi nimeagizwa pilau. Baba ameomba nimnyoe ndevu, nimvalishe suti, na ameniapisha: "Ukimwaibisha kaka yako mbele za watu, usije kunizika."

Natamani niiweke ile chupa mezani, katikati ya sahani, niwaambie hiki ndicho mlichokiimbia. Huenda akanywa tena, apumzike. Huenda akafa hasemi na mimi. Nikinyamaza, ataimba nao huku anaungua ndani.

Nyinyi mnaosoma, niambieni kabla ya Jumamosi: nisimame niseme, au nipike?